M. Hayupo

Studio, 6 Februari

Profesa, mdogo wangu,

Bahasha kubwa uliyonayo mkononi ina picha thelathini na moja. Usizimwage mezani kama karanga. Nimezipanga kwa miaka, na kazi hiyo imenikalisha kwenye kigoda siku nne, miguu ikivimba hadi viatu vikakataa kuingia. Ulisema makumbusho yenu yanataka picha za maduka ya Barabara ya Kiwandani enzi kiwanda cha nguo kikiwa hai. Basi hizo hapo. Baba alizipiga kila mwisho wa mwaka. Mwenye duka alichukua yake ya kutundika ukutani, na nakala moja ikabaki kwenye droo, ndani ya bahasha yenye maandishi yake ya penseli.

Tangu tumzike mwaka jana nilikuwa sijazifungua hizo droo. Nilidhani nitalia. Sikulia, nilipiga chafya tu, vumbi jingi.

Jambo moja la kuwaeleza wageni wenu: Baba hakupiga duka tupu. Alikuwa akisema duka lisilo na mtu mbele ya meza ni kabati. Kwa hiyo utakuta mwenye duka nyuma ya meza na mteja mbele, wote wamenuna, ingawa mtaa mzima ulimwita Baba Mzee Tabasamu kwa jinsi alivyowaamuru watu watabasamu huku yeye mwenyewe kakunja uso.

Simu usinipigie kwa mambo haya. Kwenye simu nasema "sawa, sawa" kwa kila kitu halafu najuta. Niandikie, nami nitakujibu kila nikipeleka bahasha kwenye basi. Wateja wangu siku hizi ni wa picha za vitambulisho, wanakaa dakika tatu na kuondoka, kwa hiyo muda ninao. Nguvu ndiyo sina.

Dada yako


Makumbusho, chumba cha chini, 19 Februari

Dada,

Zimefika, hata moja haijakunjika. Nakuandikia nikiwa chumba cha chini ambako hakuna dirisha, na taa yake inakoroma. Nimebaki mimi na mwenzangu mmoja tu kwenye kitengo hiki. Mwenzangu naye ana likizo ya ugonjwa. Naingia asubuhi natoka jioni macho mekundu, watu wanadhani mimi ni mlevi.

Lakini picha, Dada! Fundi baiskeli na magurudumu yamemning'inia shingoni. Fundi saa na ile lenzi jichoni. Mwoka mikate na mikono yake myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. Nimezitazama kwa kioo cha kukuzia na nimegundua kitu. Mteja ni yule yule! Mwanamke mrefu, shingo ndefu, kapu mkononi. Kwa fundi saa yupo. Kwa muuza ndoo yupo. Kwa mwoka mikate kashika mkate kwa mikono miwili. Uso hauonekani vizuri hata mara moja, kila picha anatazama bidhaa. Ama alikuwa tajiri, ama hakuwa na kazi ya kufanya.

Na kwenye kila bahasha Baba kaandika "M. yupo." M. ni mteja, sivyo? Nataka kuiandika hivyo kwenye maelezo ya ukutani. Na huyo mama ni nani, unamkumbuka?

Halafu lile ombi langu la siku zote. Unapopekua hizo droo, ukikuta picha ya Mama, hata iliyoliwa na mende, hata nusu yake, nitumie. Watu hapa kazini wananicheka: mtoto wa mpiga picha, na sura ya mama yake haijui. Nilikuwa na miaka mitatu alipofariki. Nikijaribu kumkumbuka najikuta nakukumbuka wewe.

Mdogo wako


Studio, 3 Machi

Profesa,

M. ni mteja. Angekuwa nani mwingine?

Huyo mwanamke alikuwa mtu wa pale pale mtaani. Baba akimwambia asimame, alisimama. Usidhani alinunua. Mkate ule aliushika hadi Baba aliposema "tayari", kisha ukarudi rafuni, na mwoka mikate akaupangusa kwa aproni yake. Mimi nilikuwepo, nilibeba mguu wa kamera.

Kuhusu Mama nilishakujibu, na nitakujibu tena ingawa kinywa kimechoka. Albamu iliharibika, mdogo wangu. Paa lilivuja, maji yakaingia kabatini, picha zikagandana. Hakuna kilichobaki. Usinifanye niandike jambo hili kila mwezi.

Nakutumia fungu la pili, la miaka ya baadaye. Nimelipanga nikiwa nimelala ubavu, kwa hiyo ukikuta mwaka mmoja umeruka, nisamehe. Wiki ijayo nasafiri siku mbili kwenda kwa daktari wa miguu. Studio itafungwa na hakuna atakayejua, maana hata paka wa jirani siku hizi hapiti.

Dada


Makumbusho, 20 Machi

Dada yangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Mdogo wako kavumbua jambo.

Fungu la pili nimelipanga juu ya meza nzima, na kuanzia mwaka mmoja, ghafla, bahasha zote zinasema "M. hayupo." Zote! Fundi cherehani yuko peke yake: M. hayupo. Muuza ndoo: M. hayupo. Hata rangi ya penseli imekolea, kama aliyekuwa anaandika alibonyeza kwa hasira. Sasa sikia. Kiwanda cha nguo kilifungwa miaka miwili baada ya hapo. Maana yake ni kwamba wateja walikwisha kutoweka mtaani kabla kiwanda hakijafungwa, na vitabu vyote vinasema kinyume. Baba aliliona, akaliandika, duka kwa duka. Mkuu wangu amesoma rasimu yangu akasimama. Huyo mtu hasimami hata akiingia waziri. Maonyesho yataitwa "Mteja Hayupo", na maneno hayo yatakuwa ukutani kwa herufi za ukubwa wa mtoto. Tunafungua tarehe 30 Aprili. Baada ya miaka kumi na miwili ya kubandika namba kwenye masanduku, nimepata ukuta wangu mwenyewe.

Kuna picha moja tu inayonitatiza. Kinyozi ana mtu kitini, povu hadi masikioni, na bado bahasha inasema M. hayupo. Nimeona ni Baba alikosea. Alichoka, nadhani.

Sasa jambo la pili, na hili siliandiki kwa furaha. Yule mwanamke wa kapu naye anatoweka mwaka huo huo. Huo ndio mwaka aliofariki Mama. Nimefikiri sana, Dada, na usiniambie nina mawazo machafu. Mwanaume hamzungushi mwanamke mmoja maduka yote ya mtaa, miaka saba mfululizo, kama hakuna kitu kati yao. Alikuwa mwanamke wake wa pembeni. Mama yetu yuko kitandani anaungua homa, Baba yuko nje anampanga kimada wake mbele ya mikate. Na Mama alipokufa, nadhani aibu ikawakumba, wakaachana. Ndiyo maana wewe unakwepa kila nikiuliza.

Nimeamua kumkata. Picha nyingi zinaruhusu, yuko pembeni. Nitabaki na mwenye duka na bidhaa zake. Simtaki kwenye ukuta wangu.

Mdogo wako


Studio, 27 Machi

Usimkate. Nakuomba, usimkate hata ukucha. Weka mkasi chini. Nitaandika.

Dada


Makumbusho, 2 Aprili

Dada,

Mtu anayechapa picha kubwa anazihitaji tarehe 10. Siwezi kumwambia asubiri kwa sababu dada yangu kaandika mistari miwili.

Unamjua. Nimelijua hilo tangu Machi. Niambie ni nani, au nakata.


Studio, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara tano. Nne ziko kwenye jiko.

M. ni Mama.

Baba alimwita hivyo mbele ya watu tangu nilipozaliwa, "Mama, sogea kidogo", "Mama, tazama mkate." Huyo mwenye kapu ndiye mama yako. Hakuwa kimada wa mtu. Hakuwa na homa. Na hakufa.

Pumzika hapo kwanza. Mimi pia nimepumzika.

Mwaka ule kiwanda kilianza kuchukua wanawake kwenye mashine za kusokota nyuzi. Mama akataka kwenda. Baba akasema mke wake hatatembea na kadi ya zamu shingoni. Walizozana wiki nzima hapa hapa studio, mbele ya lile pazia lenye maua. Neno moja la Mama sijalisahau. Alisema, "Kila mwaka unanisimamisha kwenye maduka yote, nashika vitu vya watu na kuvirudisha. Nataka siku moja niingie dukani nitoke na kitu." Baba akamwambia achague. Akachagua kazi, lakini siyo hapa, maana Baba alishakwenda kuongea na msimamizi wa kiwanda wamkatae. Akaenda mji mwingine wenye kiwanda. Alisema atarudi kutuchukua. Aliporudi, Baba alifunga mlango kwa ndani na kunishika mkono mimi hadi Mama alipoacha kugonga. Wewe ulikuwa umelala.

Baada ya hapo Baba akaniita. "Wewe umeshakua, kwako amesafiri. Kwa huyu mdogo amekufa." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikaapa. Albamu haikuingia maji. Aliichoma uani, ndani ya lile karai la kufulia, na mimi nikazoa majivu. Zile za maduka hakuweza kuzichoma kwa sababu hazikuwa zake peke yake, wenye maduka walikuwa na nakala ukutani. Ndizo zilizobaki.

Na sasa nikuambie kile ambacho mimi mwenyewe nimekielewa mwezi uliopita tu, nilipokuwa nakupangia fungu la pili. Yule mtu aliyechoma albamu, kila mwaka aliendelea kwenda mtaani na kamera yake, duka kwa duka, na kila akirudi aliketi na penseli akaandika kwamba Mama hayupo. Kwa fundi saa hayupo. Kwa mwoka mikate hayupo. Kwa kinyozi Baba hakukosea, mdogo wangu. Yule wa kwenye kiti alikuwa mteja. M. hakuwepo. Nilimchukia Baba miaka mingi, na nilipozisoma zile bahasha nikashindwa hata kuendelea kumchukia. Hilo nalo limenichosha.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la kwanza ukarudi na penseli, upande mmoja nyekundu, upande mmoja bluu? Ulisema, "Mama mmoja kanipa pale getini." Nilikugombeza usipokee vitu vya watu usiowajua. Nilikugombeza hadi ukalia, kisha nikaenda chooni nikalia na mimi.

Yuko hai. Ana miaka sabini na moja. Alisokota nyuzi hadi alipostaafu, sasa anaishi peke yake, saa mbili kwa basi kutoka hapo ulipo. Miguu yangu inavimba kweli, lakini daktari wa miguu yuko hapa hapa, mtaa wa pili. Safari zangu ni za kwake. Nimemwomba mara nyingi aniruhusu nikuambie. Kila mara alikataa, anasema, "Ameshanizika, kwa nini nimfukulie mtoto wa watu maiti?" Baba alipokufa kiapo kilikwisha, na bado nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimezoea. Sina sababu nyingine. Uongo nao unazoeleka.

Sikuombi unisamehe. Naomba tu usimkate.

Dada


Makumbusho, 15 Aprili

Dada,

Sikumkata.

Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia M. siyo mteja, ni mama yangu, na uvumbuzi wangu ni bure. Akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Mabango yameshabandikwa mjini. Kwa hiyo jina linabaki "Mteja Hayupo", na maandishi yangu ya ukutani nimeyatoa yote. Ukuta wangu ni mweupe sasa. Nimeweka tu karatasi ndogo na penseli chini ya kila picha, na maneno: "Ukimjua mtu huyu, tuandikie." Ndiyo kazi niliyobaki nayo, kuwauliza wageni.

Nimemtazama kwa kioo cha kukuzia siku tatu. Sikio tu linaonekana, na shavu kidogo. Nina hasira na wewe ambayo sijui pa kuiweka. Miaka thelathini na minane, Dada. Nilikuwa nakwenda kanisani kuwasha mshumaa kwa ajili yake, na wewe unanipa kiberiti.

Sitaki kumuona. Bado. Usimlete. Na usiniandikie kwa sasa.


Studio, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia mara moja tu, kisha nitatii.

Simleti. Nimechoka kuleta na kupeleka. Nimemwambia maonyesho yapo, na nimemwambia umesema bado. Akasema umesema vyema. Kisha akauliza kama hilo jengo lina ngazi nyingi. Nimeona ulijue hilo. Mtu mzima siwezi kumzuia kupanda basi.

Kile kiberiti nakikumbuka. Nakikumbuka kila siku.

Dada


Makumbusho, 11 Mei

Dada,

Nilikuwa nimekuambia usiniandikie, na mimi ndiye naandika.

Wiki nzima ya kwanza nilisimama karibu na mlango. Nilijidanganya kuwa nahesabu wageni. Nilikuwa natafuta mwanamke mrefu mwenye shingo ndefu. Kila mrefu aliyeingia nilimfuata hatua mbili tatu. Nilikuwa natafuta yule wa kwenye picha, unaelewa? Na kapu lake. Mjinga mimi.

Jumamosi waliingia watu wengi, wafanyakazi wa zamani wa viwanda na wajukuu zao, kelele tupu, kila mtu anamwonyesha mwenzake nani alikuwa nani. Kulikuwa na bibi mmoja mfupi mwenye fimbo, mgongo umepinda, mtandio wa kijivu. Alipumzika kwenye benchi muda mrefu kwanza, ngazi zilimtoa jasho. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mwoka mikate. Akasimama pale hadi nikaanza kumtazama kwa jicho la kazi. Akanyoosha kidole akakiweka kwenye kioo, juu ya ule mkate.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, usiguse kioo."

Akaondoa mkono haraka. Akasema, "Samahani, mwanangu," akapangusa alama ya kidole kwa ncha ya mtandio. Kila mzee aliyeingia siku ile aliniita mwanangu. Kila mama niliyemwelekeza choo nilimwita mama. Sikusikia kitu. Akaniuliza kama anaweza kuandika. Penseli ya pale ilikuwa butu, nikampa yangu ya mfukoni. Akaitazama ile penseli, akanitazama mimi, nikadhani anataka nimsaidie kuandika. Nikamuuliza, "Nikuandikie, mama?" Akasema, "Hapana, naweza." Kisha mtoto mmoja akaanza kuparamia kabati la vioo nikakimbilia kule.

Jioni nilikusanya karatasi. Za fundi saa zilikuwa tisa, kila mtu anadai ni babu yake. Chini ya mwoka mikate ilikuwepo moja, mwandiko mkubwa wa kutetemeka:

"Huyu ni mimi. Mkate niliurudisha."

Dada, nilikimbia hadi kituo cha basi na kitambulisho cha kazi kinanipiga kifuani. Basi lilikuwa limeondoka. Nilirudi nikakaa kwenye lile benchi alilokaa yeye. Nimemwita mama mara mbili, kwa kinywa changu, naye akaitika, na sikujua.

Bado nina hasira na wewe. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani imekwisha. Lakini Jumamosi hii nimeomba ruhusa. Nitapitia duka la mikate nitanunua mmoja mkubwa, nitaupeleka mwenyewe, na haurudi rafuni.

Niandikie anakoishi, mtaa na namba ya mlango, kwa herufi kubwa, wala usifupishe neno. Sitaki kukosea tena hata herufi moja.

Mdogo wako